Unatafuta monita ya kufanyia dizaini? Soma hii kabla hujaenda Kariakoo

Kadi zilikuwa 250. Harusi ya watu wa Tabata, sare ya kamati damu ya mzee na dhahabu, mama mzazi wa bibi harusi akaniletea kabisa kipande cha kitambaa saizi ya kiganja akaniambia mwanangu rangi iwe hii hii, usinibadilishie. Nikakaa na laptopu yangu, kitambaa nimekiweka juu ya kibodi, naanza kuitafuta rangi. Kwenye kioo changu nyekundu ilikuwa inakuja kama chungwa lililofifia, nikaongeza majenta, bado, nikaongeza nyeusi, bado kidogo, nikaongeza tena mpaka kioo na kitambaa vikafanana kabisa, nikalala nimeridhika. Kadi zilivyotoka kwa mchapaji zilikuwa rangi ya biringanya. Mama kashika moja, kaigeuza, kaipeleka mlangoni penye mwanga, akasema taratibu tu bila hata kupandisha sauti, "Mwanangu, hii biringanya imetoka wapi?" Nilirudia zote kwa hela yangu.

Mchapaji hakukosea kitu. Faili nililompa lilikuwa na biringanya ndani, ni mimi nilikuwa siioni, kwa sababu kioo cha laptopu yangu kilikuwa hakina uwezo wa kuonyesha nyekundu iliyoiva, kwa hiyo nilikuwa narekebisha rangi ambayo haikuwa na shida. Afu mwanga niliuweka mpaka mwisho, na kioo chenye mwanga mkali kinakufanya udhani kazi yako inang'aa, unaikoleza kidogo kidogo, ikitua kwenye karatasi inakuwa giza. Wadizaini wengi ninaowajua hapa Dar wamepitia hii kitu kwa namna moja ama nyingine, fulana imetoka sivyo, bango limetoka sivyo, na kila mtu anamlaumu mwenye mashine ya kuprinti. Ndo maana naandika hii, maana hela ya monita nzuri wengi wetu tunaweza kuipata, tunaishia kuitupa kwenye vitu visivyo na maana kama ukubwa na hezi nyingi, yaani mara ngapi kioo kinabadilisha picha kwa sekunde.

Sasa cha kwanza kabisa kuuliza, kabla ya inchi, kabla ya bei, ni hiyo monita inaonyesha asilimia ngapi ya sRGB. Hiyo sRGB ni kipimo cha rangi walichokuja nacho HP na Microsoft mwaka 1996 na mpaka leo ndo lugha kuu ya intaneti, picha ya Instagramu, status ya WhatsApp, tovuti, kwa kawaida vinaongea hiyo. Unataka monita iliyoandikwa asilimia 99 au 100 ya sRGB. Laptopu nyingi za bei ya chini na monita za ofisini za kawaida utakuta zimeandikwa asilimia 45 ya NTSC, hicho ni kipimo kingine cha zamani cha televisheni za Marekani, na 45 maana yake rangi nyingi kali hazipo, nyekundu ndo inaumia sana, inakuja na uchungwa. Ukikuta 72 ya NTSC hapo sawa, upana wake unakaribiana na sRGB nzima. Muuzaji akikwambia tu "hii rangi zake kali sana kaka" hajakujibu, mwombe namba ya modeli nyuma ya monita uitafute mwenyewe kwenye simu palepale.

Cha pili ni aina ya paneli, yaani kile kioo chenyewe kinachotengeneza picha, na hapa usiyumbishwe. Aina utakazokutana nazo sana ni IPS, TN na VA. Chukua IPS. TN ndo ile ukiinama kidogo rangi zinageuka, ukisimama picha inakuwa nyeupe, yaani rangi ya juu ya kioo na ya chini ya kioo hazifanani hata kama umetulia kwenye kiti, sasa utachagua rangi gani hapo? VA ina nyeusi nzuri sana, kontrasti yake, yaani tofauti ya nyeupe na nyeusi, inafika 3000 kwa 1 wakati IPS ya kawaida ni 1000 kwa 1, kwa kuangalia filamu ni tamu, ila ukiikaa kwa pembeni rangi zinapauka na vivuli vinajificha, na sisi tunaopiga picha za watu weusi waliovaa suti nyeusi usiku ukumbini vivuli ndo kazi yenyewe. IPS ukiiangalia mbele, pembeni, mteja amesimama nyuma yako anakuelekeza, wote mnaona kitu kimoja. OLED ni nzuri mno lakini bei yake bado iko juu, na ukiacha menyu za programu zile zile zimesimama masaa kumi kila siku zinaweza kuacha alama kwenye kioo.

Kuna watu watakwambia tafuta Adobe RGB au P3, vipimo vyenye rangi pana kuliko sRGB. Kama unachapa picha za sanaa kwenye printa kubwa za wino mwingi, au unafanya video za kimataifa, haya. Kwa mtu wa vipeperushi, nembo, mabango, fulana na posti za biashara ya mtu Instagramu, sRGB iliyo sahihi inatosha kabisa, na tena monita yenye rangi pana ambayo haina modi ya sRGB kwenye menyu yake itakupa shida mpya, kila kitu kinaonekana kimekolea kuliko kilivyo, ngozi za watu zinakuwa nyekundu kama wamechomwa na jua. Angalia pia namba inayoitwa Delta E, ni kipimo cha rangi imekosewa kiasi gani, chini ya 2 jicho la kawaida halioni tofauti kirahisi. Monita za wadizaini kama ASUS ProArt PA248QV zinatoka kiwandani zimeandikwa hivyo, Delta E chini ya 2 na sRGB asilimia 100.

Ila nisikudanganye, kuna rangi hata monita ya mamilioni haikusaidii usipojua. Ile royal bluu ya sare za harusi, kwenye kioo ni bluu, ukichapa kwa CMYK, yaani wino nne za printa, sayani, majenta, njano na nyeusi, inageuka zambarau, kwa sababu printa haina wino wa bluu, inachanganya sayani na majenta, na majenta ikizidi tu basi bluu imeondoka. Majenta iache nyuma ya sayani kwa 30 hivi au zaidi, mfano sayani 100 majenta 65. Monita nzuri faida yake hapo ni kwamba ukiwasha ile prufu ya rangi ya CMYK kwenye Photoshop au Illustrator unaiona inavyogeuka ukiwa bado nyumbani, kabla hela ya mteja haijawa karatasi.

Ukubwa. Mimi napenda inchi 24 yenye umbo la 16 kwa 10, yaani pikseli 1920 kwa 1200, na sababu yangu ni ya rula kabisa. Karatasi ya A4 ikisimama ina urefu wa sentimita 29.7. Monita ya kawaida ya inchi 23.8 umbo la 16 kwa 9 kioo chake kina kimo cha kama sentimita 29.6, A4 haiingii kwa saizi yake halisi hata ukiondoa menyu zote. Ya 16 kwa 10 ina kimo cha sentimita 32 na kitu, A4 inakaa nzima na nafasi ya menyu inabaki kidogo. Kwa mtu anayefanya vipeperushi, barua za kampuni, menyu za mgahawa, kuona ukurasa mzima kwa saizi yake ile ile mteja atakayoishika ni kitu kikubwa sana, unajua palepale kwamba maandishi ya namba ya simu ni madogo mno bibi yake hataweza kusoma.

Ukitaka inchi 27 usichukue ya 1920 kwa 1080, pikseli zinakuwa 82 tu kwa inchi, unaziona kama vitofali. Inchi 27 inataka 2560 kwa 1440, hapo zinafika 109. 4K, yaani 3840 kwa 2160, kwenye inchi 27 ni 163 kwa inchi, maandishi yanakuwa kama yamechapwa kitabuni, lakini kabla hujashawishika angalia kompyuta yako inatoa nini. Laptopu nyingi za zamani tundu lake la waya wa picha ni HDMI 1.4 na hiyo inapeleka 4K kwa hezi 30 tu, mshale unaburuza utadhani umefungwa jiwe. HDMI 2.0, DisplayPort 1.2 au USB-C inayotoa picha, hizo zinafikisha 60.

Hezi 144, milisekunde 1, hayo ni ya wacheza gemu, dizaini inaenda vizuri na hezi 60. Monita iliyopinda pia achana nayo, unachora mstari ulionyooka afu unaanza kujiuliza kama umenyooka.

Na hili nasema kwa upendo maana nimeona vijana wengi, TV sio monita. TV ya inchi 32 ya HD ya kawaida ina pikseli 1366 kwa 768, hiyo ni kama 49 kwa inchi, nusu ya monita ya kawaida, hata iwe kubwa kama dirisha. Juu ya hapo TV nyingi zinachakachua picha zenyewe, zinaongeza ukali, zinakoleza rangi, na maandishi mekundu kwenye mandhari nyeusi yanakuja na ukungu kwa sababu TV inapunguza taarifa za rangi. Kama ndo unaanza na huna kitu kingine tumia, ila zima kila kitu kinachoitwa vividi na weka ile modi ya PC, na usimwahidi mteja rangi.

Mpya au used? Kwa bajeti ya wengi wetu mi nasema used nzuri inashinda mpya ya hovyo, tena mbali. Monita za maofisi ya Uingereza na Dubai zinaletwa kwa wingi na katikati ya mrundikano wa monita za kawaida kuna dhahabu, Dell UltraSharp, HP za familia ya Z kama Z24i na Z24n, ukibahatika EIZO. Kwa Dell jifunze kusoma jina. Herufi U mwanzoni ndo UltraSharp, namba mbili zinazofuata ni inchi, mbili za mwisho ni kizazi cha mwaka. U2412M ni UltraSharp, inchi 24, kizazi cha 2012. U2415 ni kizazi cha 2015, IPS, 1920 kwa 1200, ina HDMI. Hiyo U2412M nayo ni IPS na ni 1920 kwa 1200 ila haina HDMI kabisa, ina VGA, DVI na DisplayPort, kwa hiyo ununue na waya wa HDMI kwenda DVI siku hiyo hiyo. VGA usiitumie, picha inapita kwa njia ya analojia inakuja na ukungu.

Sasa siku ya kwenda. Nenda asubuhi, maduka hayajajaa na muuzaji ana muda na wewe. Beba laptopu yako, waya wako wa HDMI, na fleshi au folda yenye picha hizi umeziandaa nyumbani: nyeupe tupu, nyeusi tupu, kijivu tupu, nyekundu, kijani, bluu, afu moja inayotoka nyeusi kwenda nyeupe polepole, na picha moja ya mtu unayemjua vizuri sura, mweusi, amepigwa kwenye mwanga wa kawaida. Pale mitaa ya Msimbazi na Aggrey, Kariakoo, ukishuka tu winga, yule dalali wa kuvuta wateja, atakudaka, "kaka monita? njoo nikupeleke kwa bosi wangu bei ya jumla." Mawinga wengine ni watu wazuri na wanajua maduka kuliko sisi, lakini faida yake inaingia kwenye bei yako, na yeye anauza ukubwa, hajui paneli. Mwambie kwa heshima, "Asante kaka, natafuta modeli fulani, ukiipata niite." Unavyotaja modeli kabisa anaelewa huyu hadanganyiki na inchi.

Dukani omba iwashwe na ikae. Usikubali kuangalia dakika mbili, monita baridi rangi zake hazijatulia, kunywa maji, piga stori na muuzaji, mpaka imepata nusu saa ndo uanze. Weka nyeupe tupu, sogea nyuma hatua mbili, angalia pembe zote nne, kama kuna upande una unjano au kivuli ujue taa za nyuma zimechoka na hiyo haitengenezeki. Weka kijivu, hapo ndo utaona alama za zamani, monita za benki na hospitali unakuta bado zina kivuli cha menyu iliyokaa miaka. Nyeusi, ziba mwanga kwa mikono, angalia kingoni kama mwanga unavuja. Nyekundu, kijani na bluu ni kutafuta pikseli zilizokufa, tembeza jicho taratibu kama unasoma mistari ya gazeti. Ile ya nyeusi kwenda nyeupe inatakiwa iteleze, ukiona ngazi ngazi au rangi ya waridi katikati achana nayo. Mwisho picha ya yule mtu wako. Simama kulia, simama kushoto, inama. Kama ngozi yake inabadilika kuwa kijani au majivu ukihama, hiyo sio IPS hata kama muuzaji ameapa.

Kingine, shusha mwanga mpaka robo afu pitisha kalamu haraka mbele ya kioo cheupe. Ukiona kalamu nyingi nyingi zimeachana kama picha za mfululizo, taa za monita zinawaka na kuzima kwa kasi, na macho yako yatauma ukikaa nayo usiku. Wengine hawajali, mimi kichwa kinaniuma kweli, kwa hiyo naangalia.

Fungua menyu ya monita yenyewe, bonyeza vitufe vyote vifanye kazi, tafuta modi ya sRGB na sehemu ya kubadilisha nyekundu, kijani, bluu kila moja peke yake. Jaribu stendi ipande na ishuke, shingo itakushukuru, na kama stendi imekufa angalia nyuma kama kuna matundu manne ya VESA ya milimita 100 kwa 100 utafunga mkono wa ukutani. Angalia kibandiko cha umeme kama kinasema volti 100 mpaka 240. Za Uingereza zinakuja na plagi ya pini tatu bapa inayoingia kwenye soketi zetu moja kwa moja. Kama inatumia adapta ya nje hakikisha unaondoka nayo, na uliza waranti ni ya siku ngapi, iandikwe kwenye risiti, sio ya mdomo. Nyumbani weka UPS, umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo ndo unaua vitu. Kwenye LUKU usiogope, monita ya LED ya inchi 24 inakula kama wati 25, masaa kumi ni robo ya uniti.

Kubeba, tafadhali usipande nayo boda umeikumbatia. Chukua bajaji, monita isimame wima, kioo kiangalie mgongo wa siti na katikati uweke boksi bapa au nguo, na asiwepo mtu wa kuweka mkono juu ya kioo. Kidole kimoja kikikandamiza barabara ikiwa mbovu, pikseli zimeenda.

Ukifika, usiiweke ikatazama dirisha wala usiketi mgongo ukiwa dirishani, jua la Dar saa nane halina huruma, weka dirisha liwe ubavuni kwako. Ukuta wa nyuma yako kama ni chungwa au kijani kali ule mwanga unapakwa kwenye kioo na kwenye macho yako, kama una uwezo upake nyeupe au kijivu. Zima ile modi ya usiku inayoleta unjano, zima kontrasti ya kujibadilisha yenyewe, weka joto la rangi 6500, gama 2.2.

Afu mwanga. Wataalamu wa kuchapa wanakaa kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba, na kiwandani monita inatoka ikiwa 250 mpaka 350, ndo maana kazi zetu zinatoka giza. Kama huna kifaa cha kupima fanya hivi: fungua ukurasa mweupe mtupu, chukua karatasi ya A4 nyeupe mpya, ishike pembeni kabisa ya kioo kwenye mwanga wa kawaida wa chumba, jua lisiipige. Kioo kitakuwa kama taa na karatasi kama imechakaa. Shusha mwanga taratibu, shusha, mpaka hivyo viwili vinaonekana ndugu. Utadhani monita imekuwa giza, vumilia siku mbili macho yatazoea. Kama weupe wa kioo una ubluu kuliko karatasi punguza bluu kidogo kwenye menyu.

Hiyo inakufikisha mbali lakini jicho linachoka na linadanganyika, kwa hiyo kifaa cha kupima rangi, zile Spyder za Datacolor au vile vya kampuni ya Calibrite, ni kitu cha kukitafuta. Bei yake kwa mtu mmoja inauma. Sisi tulichangishana watu watano, kinazunguka, kila mtu anakaa nacho wikiendi moja, anakibandika kwenye kioo, programu inapitisha rangi, dakika chache imetengeneza profaili, yaani faili la kuirekebishia monita rangi, basi. Programu ya DisplayCAL ni ya bure na inafanya kazi na vifaa vingi. Rudia kila mwezi au miezi miwili kwa sababu taa za monita zinabadilika polepole na wewe hutaona.

Na bado ukipata oda kubwa, omba mchapaji akutolee nakala moja kwanza kwenye karatasi ile ile na mashine ile ile, mlipe hiyo nakala. Peleka kitambaa cha mteja, weka vitatu pamoja karibu na mlango, kitambaa, nakala na kioo. Mama yule wa Tabata alirudi mwaka uliofuata na harusi ya mdogo mtu, safari hii sare ya kijani cha jani na dhahabu, akavuta kiti akakaa ubavuni mwangu, akaweka kitambaa mwenyewe kwenye ukingo wa monita, akakitazama kioo muda mrefu, akaniambia, "Haya chapa moja tuione."